Darubini Inayofuata Nyota

Leo nasema hasa na darasa la Igowole, huko Mufindi katika nchi ya chai. Walio Mbeya, Njombe na kwingineko wasikilize pia, kwa kuwa anga yao ni karibu ileile.

Tuseme kijana wenu aliye mjini ameleta nyumbani sanduku. Ndani yake mna darubini ndogo, miguu mitatu ya chuma, uzito wa duara, na mota ndogo ya betri. Karatasi ya maelezo yasema: elekezeni chombo kwenye Nyota ya Kaskazini. Mwatoka uani, mwatazama kaskazini, nyota hiyo hamwioni. Je, macho yenu ni mabaya? La. Chombo ni kibovu? La, si kibovu. Karatasi iliandikwa na mtu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini. Mtu asiyejua hilo huweza kukirudisha chombo sandukuni na fedha yake ikapotea bure. Basi kabla ya kukisimamisha, tujue kwanza kilitoka wapi.

Dunia yetu hujizungusha mara moja kwa muda wa saa 23 na dakika 56 hivi. Sisi tulio juu yake twaona kama nyota ndizo zinazokwenda, zikitoka mashariki na kuzama magharibi. Duara zima lina nyuzi 360, na nyota huenda nyuzi 15 kwa saa. Kwa macho matupu mwendo huo hauonekani upesi. Lakini darubini hukuza kila kitu, hata mwendo. Mwezi una upana wa nusu ya nyuzi moja tu, na kwa dakika mbili hivi huwa umesogea kadiri ya upana wake wote. Mtu wa kwanza aiona Zohali na pete zake, amwita mwenzake. Mwenzake akiinama aona giza tupu.

Dawa ya jambo hili yajulikana tangu zamani. Dunia yazunguka juu ya mhimili, kama gurudumu la baiskeli juu ya ekseli yake. Basi ukitengeneza chombo chenye mhimili wake mwenyewe, ukaulaza sambamba na ule wa dunia, utaweza kufuata nyota kwa mwendo mmoja tu wa kuzungusha. Bila hivyo yakupasa kuinua na kugeuza, kuinua na kugeuza, usiku kucha. Huko Uchina mtaalamu Guo Shoujing alijenga chombo cha namna hii mwaka 1276. Wakati ule darubini ilikuwa haijavumbuliwa; walitazama kwa macho tu.

Mabaharia wa pwani yetu nao waliutumia mhimili huu, ingawa hawakuujenga. Nyota ya Kaskazini, ambayo Waarabu waliiita Jah, yasimama karibu na ncha ya kaskazini ya anga, mahali mhimili wa dunia unapoelekea. Nahodha alishika kibao kidogo chenye uzi, akapima nyota hiyo iko juu ya maji kwa vidole vingapi, akajua amefika wapi. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar upande wa Ghuba, aliandika katika karne ya 15 utenzi mrefu juu ya safari za pwani yetu mpaka Sofala. Kadiri chombo kilivyokwenda kusini, nyota ile ilishuka. Kabla ya kufika Kilwa ilikuwa imekwisha zama, na manahodha wakatumia nyota nyingine za kaskazini zilizo juu zaidi. Sasa tazameni ramani iliyo ukutani. Kilwa na Igowole ziko karibu katika mstari mmoja, kati ya nyuzi 8 na 9 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jambo linalowatatiza ninyi uani ndilo lililowatatiza manahodha baharini, nao hawakurudi nyumbani.

Twende sasa Ujerumani. Kijana yatima, jina lake Joseph Fraunhofer, alikuwa akijifunza kazi ya vioo mjini München. Mwaka 1801 nyumba ya bwana wake iliporomoka juu yake, akafukuliwa akiwa hai. Mtawala wa nchi, aliyefika kutazama maafa yale, alimpa fedha. Kijana akanunua vitabu na mashine ya kukatia vioo. (Alikuwa na miaka 14 tu, wengine katika umri huo wangalinunua vitu vingine.) Mwaka 1824 darubini yake kubwa, yenye kioo cha upana wa sentimeta 24 hivi, iliwekwa Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu, katika nchi ya Estonia. Mhimili wake ulielekezwa kwenye ncha ya anga. Upande mmoja ilikaa darubini, upande wa pili uzito wa kusawazisha, kama mtu abebavyo ndoo mbili za maji kwa mzegazega. Tena palikuwa na saa: uzito mwingine ulishuka polepole kwa kamba, ukazungusha magurudumu ya meno, nayo yakauzungusha mhimili sawasawa na mwendo wa anga.

Bwana Wilhelm Struve akaitumia darubini hiyo kuchunguza nyota kama 120,000, akapata zaidi ya 3,000 zilizo mbilimbili kama pacha. Watu humsifu Struve, na ni haki yake. Lakini mimi naona sifa kubwa ni ya ile saa, maana ndiyo iliyomwachia mikono yake miwili ipate kupima na kuandika. Mota ya betri iliyomo sandukuni mwenu ni mjukuu wa saa ile, na ule uzito wa duara ni mjukuu wa uzito wa Fraunhofer.

Kumbukeni hesabu moja: ncha ya anga huinuka juu ya upeo wa macho kwa nyuzi zilezile ambazo mahali penu pako mbali na Ikweta. Dorpat iko nyuzi 58 kaskazini, kwa hiyo mhimili ule ulisimama wima kama ngazi. Wenu huko Igowole utainuka nyuzi 8 au 9 tu, tena kwa upande wa kusini. Utakuwa karibu kulala kama ekseli ya mkokoteni. Vitako vingine havikutengenezwa kushuka hivyo. Ikiwa chenu kinakataa, fupisheni mguu wa upande wa kusini, au tieni tofali chini ya miguu miwili ya kaskazini, kisha mhakikishe kwamba chombo hakiyumbi.

Na kusini mtaijuaje? Dira yafaa, lakini ishikeni mbali na mota na chuma cha uzito, isije ikavutwa. Mimi napenda zaidi njia ya kijiti, iliyo kongwe kuliko darubini zote. Simamisheni kijiti wima mahali palipo sawa. Asubuhi tieni alama penye ncha ya kivuli, kisha kwa uzi chora duara linalopita katika alama hiyo, kijiti kikiwa katikati. Kivuli kitafupika, kisha kitarefuka tena. Alasiri kikigusa duara mara ya pili, tieni alama nyingine. Mstari wa kuunga alama hizo mbili waenda mashariki na magharibi, na mstari wa kuukata sawasawa waenda kaskazini na kusini. Msingoje saa sita kamili mkidhani ndipo kivuli kitakapokuwa kifupi kabisa. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ulio mbali sana nanyi, kwa hiyo kwenu jua hufika katikati karibu saa sita na nusu au zaidi kidogo.

Usiku mwaweza kuhakikisha. Katikati ya Mei, karibu saa tatu na nusu usiku, Msalaba wa Kusini husimama wima. Shukeni moja kwa moja chini yake. Hapo ndipo kusini. Katika ncha yenyewe hakuna nyota angavu, na milima na ukungu wa Mufindi huficha pahali pale. Hakuna hasara, kwa kuwa mstari wa kijiti mnao tayari.

Kabla ya kuwasha mota, sogezeni uzito hata darubini ikae popote mwiachapo bila kuanguka. Mota ndogo ikibeba mzigo mzito huharibu meno ya magurudumu. Kisha tafuteni kitufe chenye herufi N na S. N ni kaskazini, S ni kusini. Mtu wa Estonia akielekea ncha yake huona nyota zikiizunguka kinyume cha mikono ya saa. Ninyi mkielekea ncha yenu mwaziona zikienda kama mikono ya saa. Kwa hiyo wekeni S. Mkiacha N, nyota itakimbia mara mbili zaidi kuliko kama mota isingaliwashwa, na hapo ndipo wengi husema wameuziwa kitu kibovu.

Wengine wenu mwakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, siku watu wengi walipokusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, kutazama jua likipatwa na kubaki pete. Nalitaja hilo kwa ajili ya onyo: darubini isielekezwe kwenye jua kamwe bila kichujio maalum mbele ya kioo chake. Jua hupofusha jicho mara moja.

Kesho, mvua isiponyesha, mwalimu wenu atasimamisha kijiti uani asubuhi mapema. Mmoja wenu alete uzi, mwingine alete vigingi viwili vya alama. Mstari mtakaoupata msiufute. Usiku mtasimamisha miguu mitatu juu yake. Kwaherini.