Mtawa aliyeliokoa lango la Trier

Trier, magharibi mwa Ujerumani, ulikuwa mji mkubwa wa Warumi, na lango lake la kaskazini lingali limesimama, urefu wake karibu mita 30. Linaitwa Porta Nigra, yaani lango jeusi, ingawa mawe yake ya mchanga yalikuwa na rangi nyepesi kabla moshi na mvua za karne nyingi havijayasawijisha.

Magogo yaliyofukuliwa kwenye msingi wa ukuta wa mji, jirani na lango, yanaonyesha kuwa miti yake ilikatwa wakati wa baridi, kati ya mwaka 169 na 170, zama za Kaisari Marcus Aurelius. Mafundi hawakutumia chokaa. Walipandanisha mawe makubwa, wakayabana kwa magango ya chuma yaliyomiminiwa risasi. Kazi haikumalizwa: mawe mengi bado yana vinundu ambavyo patasi ilipaswa kuviondoa.

Utawala wa Roma ulipokwisha, majengo yake yakageuka machimbo. Malango mengine ya Trier yalibomolewa mawe yakajengee kwingine, na hata hili lilitobolewatobolewa na watu waliosaka chuma. Matundu yao yanaonekana mpaka leo.

Lililosalia liliokolewa na Simeon, Mgiriki mzaliwa wa Sicilia aliyewahi kuwa mtawa Sinai. Mnamo mwaka 1030 hivi alijifungia katika mnara wa mashariki, akaishi humo kwa sala na kufunga hadi kifo chake mwaka 1035. Alizikwa humohumo. Askofu Mkuu Poppo akaligeuza lango kuwa kanisa, sehemu ya chini ikafukiwa udongo, na waumini wakawa wanapanda ngazi ndefu kwenda kusali. Nani angethubutu kung'oa mawe juu ya kaburi la mtakatifu?

Napoleon alipopita Trier mwaka 1804, aliamuru kanisa liondolewe ili lango lirudi kuwa la Kirumi. Binafsi naiona amri hiyo kuwa ya kusikitisha. Kanisa lile lilikuwa limelilinda jengo kwa karibu miaka 800, na lenyewe lilikwisha kuwa historia. Afadhali wabomoaji waliacha kibla chake cha karne ya 12, ile nusu duara iliyoshikamana na mnara wa mashariki, pamoja na nakshi kadhaa za kanisa ndani ya ghorofa. Mwaka 1986 UNESCO iliorodhesha Porta Nigra kuwa sehemu ya urithi wa dunia, kibla hicho kikiwa bado kimeng'ang'ania ubavuni mwake.