Sanaa ya Kukumbuka

Msomaji, katika vipawa vyote alivyojaliwa mwanadamu, kumbukumbu ndiyo inayolaumiwa sana na kufunzwa kidogo. Mwanafunzi akishindwa katika mtihani husema, "Nilisoma, lakini nikasahau," kana kwamba kusahau ni mvua iliyomkuta njiani asiyoweza kuizuia. Watu wa kale hawakuona hivyo. Kwao kukumbuka kulikuwa kazi yenye kanuni na vifaa vyake, kama ulivyo useremala. Siku hizi kimetokea kifaa kipya kiitwacho uhalisia ulioboreshwa, na wako wanaosema kwamba kitawaondolea wanafunzi taabu ya kukariri. Ili ukipime kwa haki, yakupasa kwanza uijue historia iliyokitangulia, maana upya wake si mwingi kama unavyodhaniwa.

Wayunani walihesabu mwanzo wa sanaa hii kuwa ni mshairi Simonides wa kisiwa cha Ceos, aliyeishi katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo. Habari zake zilisimuliwa na Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, katika kitabu alichokiandika mwaka wa 55 K.K. Yasemekana kwamba tajiri mmoja wa Thessaly, jina lake Scopas, alifanya karamu, akamtaka Simonides amtungie shairi la kumsifu. Simonides akamsifu, lakini akaingiza humo sifa za miungu pacha, Castor na Pollux. Scopas alikasirika, akampa nusu ya ujira, akamwambia nusu ya pili aende akawadai hao pacha. Baada ya kitambo ikaja habari kwamba vijana wawili wanamngoja mlangoni. Simonides akatoka, asione mtu. Mara dari la ukumbi likaporomoka, likawaponda Scopas na wageni wake, hata jamaa zao waliokuja kuwazika wasiweze kumtambua huyu wala yule. Simonides ndiye aliyewatambulisha, kwa kuwa alikumbuka mahali alipoketi kila mmoja.

Huenda kisa hiki ni ngano. Hata hivyo, funzo lililotolewa ndani yake lilidumu miaka elfu mbili: jambo lililowekwa mahali halipotei upesi kama jambo linaloelea bila makao.

Warumi walilichukua funzo hilo wakaligeuza kanuni. Katika miaka ya 80 K.K. kiliandikwa kitabu cha ufundi wa kusema kiitwacho Rhetorica ad Herennium, ambacho jina la mwandishi wake halijulikani. Kitabu hicho chafundisha hivi: chagua jengo unalolijua vyema, ulitembee kwa mawazo kutoka chumba hadi chumba, na katika kila pembe uweke picha ya jambo unalotaka kulikumbuka. Mahali pasiwe na giza mno wala mwanga mno. Pasifanane sana, msije mkachanganya nguzo na nguzo. Na kila mahali pa tano patiwe alama. Picha nazo zisiwe za kawaida, kwa sababu macho yetu hayashangai jua linapochomoza kila siku. Ziwe za kuchekesha, za kutisha, au za uzuri usio kifani. Msemaji aliyetaka kuhutubu baraza aliingia katika jengo lake la mawazo, akapita vyumbani, na kila picha ikampa neno lake kwa zamu.

Si wote walioisifu njia hii bila kipimo. Quintilian, mwalimu mkuu wa usemaji huko Roma katika karne ya 1 baada ya Kristo, alikubali kwamba inafaa kwa orodha ya vitu, lakini akatilia shaka kama inafaa kwa hotuba nzima, maana akili hupata mzigo wa kubeba maneno na picha pamoja. Yeye aliwashauri vijana waigawe kazi katika vipande vidogo, wakariri kidogo kidogo, na wafanye mazoezi kila siku.

Mwaka wa 1596 sanaa hii ilivuka hadi Uchina. Matteo Ricci, padri Mwitaliano wa shirika la Wajesuti, alikuwa akikaa katika mji wa Nanchang. Wachina walistaajabu kuona jinsi alivyoweza kukumbuka maandishi yao. Gavana wa jimbo lile alikuwa na wana waliojiandaa kwa mitihani ya serikali, mitihani iliyokuwa mlango wa cheo na heshima. Ricci akawaandikia kwa Kichina kitabu kidogo juu ya kujenga majumba ya kumbukumbu. Mwana mkubwa wa gavana alikisoma kwa bidii, kisha akasema kwamba kanuni zile ni za kweli, lakini mtu huhitaji kumbukumbu kali ili apate kuzitumia! Neno hilo la mwanafunzi ulishike, kwa sababu tutalihitaji baadaye.

Usidhani, msomaji, kwamba maarifa haya yalikuwa ya Ulaya peke yake. Katika Kongo ya kusini mashariki Waluba walikuwa na chombo kiitwacho lukasa. Ni ubao mdogo wa kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga na simbi au uliochongwa alama. Walioruhusiwa kuusoma ni watu wa chama cha Mbudye, waliolelewa katika elimu ya historia ya ufalme. Msomaji aliushika kwa mkono mmoja, akapitisha kidole cha mkono wa pili juu ya shanga. Rangi, ukubwa na mpango wa shanga vilimkumbusha wafalme, safari, na mahali patakatifu. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo yaweza kuwa mfalme na watu wake, na mstari wa shanga ukawa njia. Ubao haukusema wenyewe. Mtu ndiye aliyesema, akichagua maneno kulingana na shughuli iliyomweka mbele ya watu. Tazama basi: jumba la Simonides na ubao wa Waluba ni ndugu, maana vyote viwili huyapa mambo makao.

Katika pwani yetu kulikuwa na njia nyingine. Mtoto wa chuo cha Kurani aliandikiwa aya ubaoni kwa wino, akazisoma kwa sauti mpaka zikamkaa, kisha ubao ukaoshwa, zikaandikwa nyingine. Kwa njia hiyo wako waliohifadhi sura zote 114. Hapa nguzo ya kumbukumbu ni sauti, mahadhi na kurudia, wala si jengo la mawazo.

Watu wa kale walijua pia hatari ya vifaa. Plato, katika kitabu chake Phaedrus, asimulia kwamba mungu Theuth wa Misri alimletea mfalme Thamus uvumbuzi wa maandishi, akisema utawaongezea watu hekima na kumbukumbu. Mfalme akajibu kwamba utawaletea usahaulifu, kwa kuwa watategemea alama za nje badala ya kukumbuka kwa nguvu zao wenyewe. Sisi tuna methali yetu inayosimama upande wa Theuth: mali bila daftari hupotea bila habari. Nani aliyesema kweli? Wote wawili, nadhani. Maandishi yameokoa mengi ambayo yangalipotea. Lakini baada ya Gutenberg kuanza kupiga chapa vitabu katika miaka ya 1450, haja ya kuwa na jumba kubwa kichwani ilizidi kupungua, na sanaa ile ikafifia.

Elimu ya sayansi ndiyo iliyoirudisha. Mwaka wa 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima muda uliohitajika kuzikariri tena. Alitambua kwamba usahaulifu hukimbia upesi sana katika saa za kwanza, kisha hupunguza mwendo. Na kwamba kurudia kulikogawanywa katika siku kadhaa hushinda kurudia kwingi kwa siku moja. Mwaka wa 1971 John O'Keefe na mwenzake huko London walieleza juu ya chembe katika ubongo wa panya ambazo huamka mnyama awapo mahali fulani; O'Keefe alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wengine wawili mwaka wa 2014. Mwaka wa 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kujifunza kiasi cha njia 25,000, wana sehemu ya ubongo ihusikayo na mahali iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka wa 2003 wakawachunguza mabingwa kumi wa mashindano ya kukumbuka. Hawakuwa na akili kupita wengine. Lakini tisa kati yao walitumia njia ya Simonides.

Sasa tufike kwenye kifaa kipya. Mwaka wa 1968, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Ivan Sutherland alionyesha chombo cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na kompyuta. Kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa darini. Aliyekivaa aliona chumba chenyewe, na juu yake akaona michoro ya mistari myembamba ikielea hewani. Mapema katika miaka ya 1990 Tom Caudell na David Mizell wa kampuni ya Boeing walitaka kuwaonyesha mafundi wa ndege mahali pa kupitisha nyaya bila kutazama mbao kubwa za michoro. Hapo ndipo lilipotungwa jina la Kiingereza la ufundi huu. Leo simu ya mkononi yatosha: kamera hutazama mahali, programu hupatambua, na kioo huonyesha mahali hapo pamoja na picha isiyokuwapo. Mwaka wa 2016 watafiti wa Massachusetts Institute of Technology walitengeneza programu ya miwani ambayo huonyesha picha za mambo ya kukaririwa katika vituo vya njia anayoipita mwanafunzi kwa miguu yake. Jumba la Simonides, lililokuwa ndani ya kichwa, likatoka nje likaonekana kwa macho.

Faida yake ni dhahiri. Yule mwana wa gavana alilalamika kwamba ni vigumu kushika majengo na picha pamoja. Miwani humpunguzia mzigo huo katika siku za kwanza. Lakini kuna onyo la kale. Mwandishi wa Rhetorica ad Herennium aliwakosoa walimu wa Kiyunani waliowaandalia wanafunzi orodha ya picha zilizo tayari. Alisema kwamba picha inayomgusa mmoja haimgusi mwingine, na kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha namna ya kuzitafuta na kutoa mfano mmoja au miwili, kisha amwachie mwanafunzi ajitafutie zake. Chombo kinachokupa picha za mtu mwingine kitakufurahisha leo na kukuacha mtupu kesho. Chombo kinachokuruhusu uweke picha ulizobuni wewe ni msaidizi mwema.

Wala usisikitike ikiwa shule yako haina miwani hiyo. Jaribu hivi leo. Langoni mwa shule weka bendera kubwa ya Uingereza inayoziba njia: 1895, mwaka nchi ilipotangazwa kuwa himaya. Chini ya mwembe egesha garimoshi linalokunywa maji ya ziwa: 1901, reli ilipofika Kisumu. Mlangoni mwa ofisi mkalishe karani anayeandika jina "Koloni" kwa wino unaomwagika: 1920. Jikoni weka kengele ya hatari inayolia ndani ya sufuria: 1952. Uwanjani wajaze watu wanaocheza ngoma usiku wa manane: 1963. Tembea kwa mawazo mara moja leo, mara moja kesho, na mara moja baada ya juma. Kisha zibadili picha zangu kwa zako.

Yabaki neno moja. Kujua kwamba reli ilifika mwaka wa 1901 si kujua kwa nini ilijengwa, wala ni nani waliofia njiani, wala ardhi ya nani ilitwaliwa kwa ajili yake. Tarehe ni vigingi vya kutundikia maarifa. Jumba lenye vigingi vitupu halina cha kumpa mgeni. Lakini asiyekuwa na tarehe hata moja kichwani hawezi kumpinga mtu amwambiaye uongo juu ya nchi yake, maana atalazimika kuamini kumbukumbu ya mwenziwe. Basi jenga jumba lako, kwa miwani au bila miwani, na ulijaze mambo uliyoyaelewa.