Mchanga wa Mafuta na Nyasi za Masisi

Vijana wa Birere wanacheza gofu kwenye simu, na fimbo ya gofu yenyewe hawajaishika. Mpira ukikaribia shimo, ukabaki hatua moja, kisha ukakata kona, kelele zinaanza: programu ni mwizi! Mimi ni fundi mwashi. Kazi yangu hapa Goma ni kusawazisha sakafu juu ya mawe ya volkano, yakiwemo yale ya mlipuko wa Januari 2002 yaliyofunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Jicho likiniambia pako sawa, maji kwenye bomba la kupimia hunikatalia. Kwa hiyo ule wizi sikuuamini haraka, nikatafuta kwanza mchezo wenyewe ulikotoka.

Gofu iliingia pande hizi za Afrika Mashariki na Waingereza. Klabu ya Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, ilianza 1901, ya Nairobi 1906. Lakini grini, kile kiwanja cha nyasi fupi kinachozunguka shimo, ilikuwa anasa: inataka maji, mashine na watu wa kuikata kila mara. Klabu nyingi za mashambani zikatafuta njia nyingine. Walimwaga mchanga, wakauchanganya na mafuta machafu ya injini ili upepo usiupeperushe, wakapaita brauni kwa rangi yake. Kabla ya mtu kupiga, kijana wa kazi aliburuta gunia au mkeka kufuta nyayo. Mpira ulikwenda mzito kidogo, lakini mteremko ulikuwa mteremko, basi. Kwa macho ya mwashi, hiyo ndiyo sakafu ya haki.

 

Taabu ililetwa na nyasi. Ukoka hutambaa, hausimami wima. Hulalia upande mmoja kufuata jua, maji au mteremko. Mpira ukienda na ulalo huo unateleza, ukienda kinyume unakwama, ukikatiza unavutwa pembeni, na huvutwa zaidi mwendo unapoisha. Ndiyo maana kona inakuja hatua ya mwisho. Anayejua kutazama huiona: nyasi zikilalia mbele yako grini inang'aa, zikikulalia wewe inakuwa nzito na giza. Hata ukingo wa shimo unasema, kwa kuwa upande uliochakaa na kukauka ndiko nyasi zinakoelekea.

Tena nyasi nyingine za viwanja vya gofu ni za kwetu. Ile ya Kikuyu, wanayokula ng'ombe wa Masisi mpaka sisi Goma tukapata fromaji, asili yake ni nyanda za juu za Kenya, Uganda na mashariki mwa Kongo. Karne iliyopita ilipelekwa California kuzuia mmomonyoko, ikawashinda wenyeji. Leo wachezaji wakubwa wa dunia wanapigana nayo kwenye njia za Riviera Country Club, Los Angeles.

Kisha ikaja kasi. Mwaka 1935, kwenye mashindano ya US Open pale Oakmont, Marekani, mtazamaji mmoja, Edward Stimpson, aliona mpira wa mchezaji Gene Sarazen ukibingirika hadi nje ya grini. Akatengeneza kijiti chenye mfereji: unaweka mpira, unainua kijiti, mpira unashuka, unapima umefika wapi. Chama cha gofu cha Marekani kilikikubali miaka ya 1970. Kasi ilipopata kipimo, klabu zikaanza kushindana kukata nyasi chini zaidi, na grini ikiwa ya kasi hata mteremko usioonekana unapindisha mpira. Kwangu huo ni ubishi wa matajiri, lakini ndio waliouiga watunga michezo ya simu. Brauni hawakuiiga.

Basi, vijana wangu, programu haijawaibia kitu. Someni vishale vya mteremko kabla ya kupiga, na mkibakiwa na hatua moja lengeni katikati ya shimo, mpige kwa nguvu kidogo. Mpira wenye mwendo haupindi sana.