Nyumba ya Umma Iliyojaa Kuta

Wapo watakaoshangaa kuona katika gazeti letu hili makala juu ya baa, tena baa za Waingereza. Wasishangae, na walimu wa zamu wasiwe na wasiwasi. Sikusudii kumfundisha mtu kunywa. Nakusudia kuonyesha jinsi taifa linavyoweza kuandika historia yake kwa matofali, mbao na vioo, na jinsi sisi tuliosoma historia tunavyoweza kuisoma humo.

Waingereza huiita baa yao pabu, nalo ni kifupi cha maneno yenye maana ya "nyumba ya umma". Kwa kweli ilianza kuwa nyumba. Mtu alifungua mlango wa makazi yake akauza bia. Wanywaji wa kawaida walikaa jikoni penye moto, au katika chumba chenye mabenchi matupu, na mgeni wa heshima alikaribishwa sebuleni. Kaunta haikuwapo. Mtumishi aliteremka katika ghala la chini ya nyumba, akajaza jagi kutoka kwenye pipa, akawaletea wateja pale walipoketi. Sheria ya Bia ya mwaka 1830 ilimruhusu karibu kila mlipa kodi ya nyumba kuuza bia kwake mradi alipie leseni, na nyumba za namna hiyo zikaenea nchi nzima.

Katika karne hiyo ya 19 kaunta ilishika mahali pa mtumishi. Wajenzi waliichukua kutoka madukani, wakaiweka katikati ya jengo, na pampu za mkono zikavuta bia kutoka ghalani. Mtu angedhani kwamba kaunta moja ingewakusanya wanywaji pamoja. Haikuwa hivyo. Kufikia miaka ya 1890, baa za mijini zilipojengwa kwa wingi na kwa fahari kubwa, kaunta ilikuwa kama kisiwa, na kuta za mbao na vioo zilitoka kwake kuigawa nyumba vipande vipande. Mara nyingi kila kipande kilikuwa na mlango wake barabarani, na jina lake limechorwa kwenye kioo.

Kwanza kulikuwa na baa ya umma, chumba cha makabwela: sakafu ya mbao iliyomwagiwa vumbi la mbao, benchi gumu, na chombo cha kutemea mate. Kando yake ilikuwapo saluni, ambayo si hii yetu ya kusukia nywele. Hii ilikuwa na zulia, viti vyenye mito na bei ya juu kidogo, nao makarani na wenye maduka walikaa humo. Kisha kulikuwa na vijichumba vya faragha ambamo mwanamke, mzee au mtu asiyetaka kuonekana aliweza kunywa kwa utulivu. Mwisho kulikuwa na kijidirisha cha jagi na chupa, ambako watu walinunua bia ya kupeleka nyumbani. Watoto ndio waliotumwa sana huko, hata Bunge likapitisha sheria mwaka 1901 kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 asiuziwe ila katika chombo kilichofungwa na kutiwa lakiri.

Kilichonishangaza zaidi ni vile vioo vidogo vya kuzungushwa vilivyopangwa juu ya kaunta, usawa wa uso. Bwana mkubwa aliagiza kinywaji chake kupitia upenyo mdogo, na mhudumu aliona mkono bila kuona sura. Nilipokuwa masomoni London nilikwenda kuviona katika baa ya Prince Alfred, huko Maida Vale, ambako bado vipo. Kuta zake zina vilango vifupi sana, na niliinama kama anayeingia kibandani ili kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kumbe bia ilikuwa ile ile kote!

Sisi tuliokuja shuleni kwa treni ya Reli ya Kati tunayajua madaraja. Injini ni moja na kituo ni kimoja, lakini mabehewa ni mbalimbali. Watafiti wa Mass-Observation, waliochunguza baa za mji wa Bolton kuanzia mwaka 1937 na kutoa kitabu mwaka 1943, waliona mambo kama hayo. Katika chumba bora painti ya bia iliongezwa peni moja, na mwanamke hakutakiwa kabisa katika chumba cha wafanyakazi wanaume.

Baadaye wageni kutoka makoloni walikuta kuta nyingine zisizoonekana. Baa nyingine ziliwakataa watu weusi kabisa, na nyingine ziliwahudumia katika baa ya umma lakini si katika saluni. Mwaka 1964, mjini Bristol, Mwingereza mweusi Paul Stephenson alikataa kutoka katika baa ya Bay Horse alipoambiwa aondoke. Alikamatwa, akashtakiwa, na mahakama ikaifuta kesi. Mwaka uliofuata sheria ilikataza ubaguzi wa rangi katika mahali pa umma, baa zikiwamo. Wanawake walingoja zaidi: hadi mwaka 1982 ndipo Mahakama ya Rufani ilipoamua kuwa baa ya El Vino, London, ilivunja sheria kwa kukataa kuwahudumia wanawake waliosimama kaunta.

Miaka hiyo kuta zenyewe zilikuwa zikibomolewa. Tusidhani kwamba ni usawa tu ulioziangusha. Mahakimu wa leseni walikuwa wamezichukia tangu zamani kwa kuwa zilificha mambo, na makampuni ya bia yalitaka wahudumu wachache waweze kuangalia ukumbi mzima. Ukuta ulipoanguka, kabwela aliruhusiwa kukanyaga zulia, lakini chumba chake cha bei nafuu kilitoweka. Leo vyumba vilivyosalia vinatunzwa kama kumbukumbu, mfano vijichumba vyenye milango na kengele katika Crown ya Belfast, iliyo mikononi mwa National Trust tangu mwaka 1978.

Nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, msingoje kwenda ng'ambo ili muanze kazi hii. Itazameni ramani ya shule yetu: bwalo, jiko, nyumba za walimu, na mlango wa kila jengo unakoelekea. Ulizeni ni nani aliyewekwa karibu na nani, na ni nani aliyewekwa mbali. Mimi serikalini nimeketi katika vikao vingi vya kupitisha ramani za ofisi, na tangu niione Prince Alfred nina swali moja nisiloacha kuliuliza kabla ya kutia sahihi: mwananchi wa kawaida ataingilia mlango gani, na atakaa wapi akingoja?