Kazi ya jana iko wapi? Namna matoleo ya zamani kwenye klaudi yanaokoa muziki, video na maandishi

Bunia – Tuchukue mfano ambao watu wa studio hapa mjini watautambua mara moja. Wimbo umetengenezwa kwa wiki mbili. Usiku, wakati mashini inahifadhi mabadiliko ya mwisho, umeme unakatika. Batri ya mashini ilikufa zamani, na hakuna mtu wa kuwasha grupu saa hiyo. Asubuhi faili iko mahali pake na jina ni lile lile, lakini ndani hamna kitu: mashini inaonyesha 0 KB. Mwenye kazi anajituliza, anasema dosie yake yote inapandaga kwenye klaudi. Anafungua kwa simu. Huko nako faili ni 0 KB.

Hapo njo wengi wanakata tamaa, na wanakata tamaa mapema sana.

Klaudi haikukosea. Imefanya ile kazi iliyopewa: kufananisha dosie ya kwenye mashini na dosie ya mtandaoni. Ukiongeza mstari kwenye hadithi yako, nayo inaongeza. Ukifuta sura nzima kwa bahati mbaya, nayo inafuta. Virusi vikitoka kwenye flashi ya sekretariati na kuharibu picha zako zote, klaudi inapandisha picha zilizoharibika bila kuuliza. Ndiyo maana nakala ya mtandaoni peke yake ni ulinzi wa nusu. Inakukinga na mwizi wa mashini na moto wa nyumba, lakini haikukingi na mkono wako mwenyewe.

Nusu nyingine ni kitu kinachoitwa historia ya matoleo. Kwenye simu na mashini zilizowekwa katika Kifaransa utakuta imeandikwa « historique des versions ». Kila mara faili inapobadilishwa, ile ya zamani haitupwi palepale. Inawekwa nyuma, na tarehe na saa yake. Faili ya leo ikiharibika, unachagua ile ya jana saa kumi na moja jioni na kuirudisha. Yule kijana wa wimbo wa 0 KB, kama alikuwa amepandisha kazi yake jana yake, wimbo wake uko. Anahitaji tu kujua mlango ni upi, na kufika kabla haujafungwa.

Mlango unafungwa lini

Matoleo ya zamani hayakai milele. Kwenye Google Drive, faili za kawaida (sauti, video, picha, Word) toleo la zamani linaweza kufutwa baada ya siku 30, au mapema zaidi kama faili hiyo imefikisha matoleo 100. Dropbox ya bure inatunza siku 30. OneDrive ya Microsoft, kwa akaunti ya mtu binafsi, inahesabu matoleo na si siku: yale 25 ya mwisho. Faili iliyofutwa yote nzima inaingia kwenye pipa la takataka, na huko pia muda ni siku 30.

Kuhusu nafasi ya bure: Google inatoa GB 15, lakini zinagawanywa na barua pepe na picha za simu. OneDrive inatoa GB 5, Dropbox GB 2.

Siku 30 zinaonekana nyingi kwa mtu anayefungua mashini kila siku. Kwetu si hivyo. Watu wanakumbuka uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018: kesho yake intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilirudi baada ya karibu siku 20. Mtu aliyeharibu faili yake siku ya mwisho kabla ya kukatwa, theluthi mbili ya muda wake iliisha akiwa amekaa tu anangoja. Ongeza hapo safari ya Mahagi, ugonjwa, au mwezi ambao makuta ya mega haikupatikana.

Kuna dawa ya hiyo, na watu wachache wanaitumia. Kwenye Google Drive unaweza kuchagua toleo moja na kuamuru litunzwe bila kufutwa. Ni vizuri kufanya hivyo kila hatua kubwa ikiisha: sauti zote zimerekodiwa, sura ya tatu imekamilika, video imekubaliwa na mteja. Lakini ujue kwamba toleo lililotunzwa hivyo linakula nafasi katika zile GB 15.

Wanaoandika moja kwa moja ndani ya Google Docs wako na hali nafuu zaidi. Humo historia haina ile kanuni ya siku 30, ingawa mara kwa mara matoleo madogo-madogo yanaunganishwa ili kupunguza nafasi. Unaweza pia kulipa toleo jina lake, kama « kabla mwalimu hajasahihisha ». Mwanafunzi wa ISP Bunia anayeandika TFC yake, au kijana anayeandika mchezo wa kuigiza, hii peke yake inaweza kumtosha.

Mega ni pesa

Swali la kwanza la kila mtu wa Bunia ni hili: itakula mega ngapi? Inategemea unapandisha nini. Sauti ya WAV ya ubora wa CD inachukua karibu MB 10 kwa dakika moja, kwa hiyo wimbo wa dakika tatu unafika MB 30. Ukiupandisha mara kumi, umemaliza MB 300 kwa wimbo mmoja. Maandishi ni tofauti kabisa: hadithi ndefu ya Word bila picha mara nyingi haifikishi MB 1. Mwandishi hana sababu ya kuogopa gharama.

Kwa watu wa studio, kuna jambo la kuelewa. Katika programu kama FL Studio, faili ya mradi ni ndogo kwa sababu haibebi sauti zilizorekodiwa. Inaonyesha tu zimewekwa wapi. Hiyo ni nzuri na ni mbaya. Nzuri, kwa sababu unaweza kuipandisha kila jioni kwa mega kidogo sana. Mbaya, kwa sababu siku ukirudisha mradi wa zamani na sauti hazikupandishwa, utafungua wimbo wenye ngoma bila mwimbaji. Basi sauti zipandishwe mara moja, siku ile zimerekodiwa, kwenye dosie hiyo hiyo. Kisha kila siku upandishe mradi peke yake.

Na ile tabia ya kuandika « final », « final 2 », « final vrai », « final vrai vrai »... Kila studio iko nayo. Klaudi inaona hizo kama faili nne tofauti, na historia haijengeki. Acha jina moja, na ukipandisha kwa mkono, mashini ikiuliza, chagua kubadilisha faili iliyopo.

Hata wakubwa wamepoteza

Mwaka 1998, huko California, kampuni ya Pixar ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri ya kufuta kwenye mashini kuu, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kupotea mbele ya macho ya wafanyakazi. Walikimbilia nakala za akiba. Kumbe nakala hizo zilikuwa zimeacha kufanya kazi vizuri, na hakuna aliyekuwa ameangalia. Filamu iliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na mashini nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na alikuwa anafanyia kazi kwake. Walileta ile mashini ndani ya gari, wameifunika na blanketi kama mtoto. (Baadaye kampuni yenyewe iliamua kuandika upya sehemu kubwa ya hadithi, lakini hilo ni jambo lingine.)

Karibu na sisi, watu wa Goma hawajasahau Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 wakuu waliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 wahame. Katika hali kama hiyo mtu anabeba mtoto, godoro na sufuria. Na hapa Ituri, waliokimbia kutoka Djugu au Irumu wanajua vizuri ni vitu gani vinabakiaga nyuma. Kazi iliyo kwenye klaudi inafunguliwa popote mtu anapofika, Beni au Kampala, hata kwa simu ya kuazima.

Kwa wimbo, uchungu una mwisho: msanii anaweza kurudi studio na kuimba tena. Lakini wako vijana wanaorekodi wazee wakisimulia hadithi, methali na historia ya ukoo kwa Kilendu, Kihema, Kibira au Kialur. Mzee akisha kufa, rekodi ile haina kurudiwa. Faili za namna hiyo zisikae kwenye simu moja hata usiku mmoja. Zipandishwe kwanza jinsi zilivyo, toleo la kwanza litunzwe bila kufutwa, na kukata au kusafisha sauti kufanyike juu ya nakala nyingine.

Ufunguo

Haya yote yanategemea akaunti moja, na wengi wanaipoteza kwa njia rahisi. SIM inapotea, na msimbo wa kuingia ulikuwa unatumwa kwenye SIM hiyo. Google inaruhusu kuchapa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja unatumika mara moja tu; iandike kwenye karatasi na uifiche pamoja na kadi ya mpiga kura. Ukifanya kazi kwenye siber au sekretariati, toka kwenye akaunti kabla ya kusimama kwenye kiti. Na akaunti ya Google ambayo haijatumiwa miaka miwili inaweza kufutwa na kampuni, pamoja na vyote vilivyo ndani.

Anayetaka kujua kama amejipanga vizuri ajaribu siku umeme uko na mega iko. Atengeneze faili ndogo ya maandishi, aipandishe, aibadilishe, aipandishe tena. Kisha aifungue Drive kwenye mashini, maana kwa simu njia hii ni ngumu kuiona, abonyeze faili kwa upande wa kulia, atafute pa kusimamia matoleo, na arudishe lile la kwanza. Inachukua kama dakika kumi.