Skana Haikufa, Imekosa Mkalimani

Skana kongwe ya poti ya printa ikigoma kwenye Linux, watu husema upesi: imekufa, tupa. Mimi nakataa. Taa inawaka, kioo kizima, mota inanguruma. Kilichokosekana ni maelewano kati yake na kompyuta, na anayetaka kujua maelewano hayo yalivunjikia wapi hana budi kurudi nyuma hadi mwaka 1970.

Mwaka huo kampuni ya Centronics ya Marekani ilitoa printa yake ya Model 101, na pamoja nayo namna mpya ya kuunganisha: biti nane zinapita kwa pamoja, kila moja na waya wake. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 iliichukua namna hiyo, ikaweka tundu la pini 25. Lakini angalia, msomaji: njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya printa, na kazi ya printa ni kusikiliza. Ya kujibia ilipewa nyaya tano tu, za kusema karatasi zimekwisha, au ngoja kwanza nina kazi.

Skana ni kinyume kabisa. Yenyewe ndiyo msemaji! Hata hivyo, miaka ya 1990 wenye viwanda waliipachika kwenye tundu lile lile kwa sababu kila kompyuta ilikuwa nalo, na kadi ya SCSI ilikuwa ghali. Basi picha nzima ikawa inarudi kupitia nyaya za majibu, biti nne nne, kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe. Mwaka 1994 kiwango cha IEEE 1284 kikaweka rasmi njia za kasi za kwenda na kurudi, EPP na ECP. Ndiyo maana fundi huanza kwa kuingia kwenye BIOS kutazama poti imewekwa katika hali gani.

Ingekuwa hayo tu, tungepona. Kiwango kilieleza biti zipite vipi. Maana yake hakikuigusa. Kila kampuni ikajitungia lugha yake, nyingi zikaifanya siri, wakaandika draiva ya Windows na mlango ukafungwa. Eti siri ya biashara! Siri gani ya kuwasha taa na kusukuma mota?

Hao wa mradi wa SANE, unaoziwezesha skana kutumika kwenye Linux, kwa mashine nyingi hawakupewa hata karatasi moja. Wapo waliokaa wakirekodi ishara zinazopita kwenye waya wakati draiva ya Windows inafanya kazi, kisha wakakisia ipi inawasha taa na ipi inarudisha picha. Kazi ya kujitolea, usiku kwa usiku. Ndivyo aina kadhaa zilivyopata draiva. Keneli nayo ilisogea: toleo la 2.2 la mwaka 1999 lilileta parport, ili printa na skana zigawane tundu moja, la 2.4 la mwaka 2001 likaleta ppdev, na programu ya kawaida ikaweza kulifikia tundu lenyewe.

Kwa hiyo SANE ikisema haioni skana, usikate tamaa. Draiva nyingi za poti hii huwa zimezimwa kwenye faili la dll.conf, na kwa haki: kuitafuta skana hapo ni kupapasa gizani, printa iliyo jirani yaweza kushtuka ikatema karatasi. Iwashe draiva yako mwenyewe, kisha hakikisha una ruhusa ya kutumia /dev/parport0. Wala usinunue waya wa kugeuza USB kuwa poti ya printa. Kwa kawaida waya huo unajua mambo ya printa tu.

Yangu inasoma, polepole lakini inasoma, ingawa aliyeitengeneza hakuwahi kuiandikia Linux mstari hata mmoja. Zipo nyingine ambazo hakuna aliyewahi kurekodi ishara zake. Hizo, hata uzibembeleze vipi, Linux haina la kuziambia.