Nani Huchagua Igizo? Uteuzi wa Maigizo Mafupi katika Sanaa za Maonyesho za Jamii Nchini Tanzania

Historia ya tamthilia ya Kiswahili kwa kawaida huandikwa kwa kufuata vitabu: mtunzi, mwaka, mchapishaji. Mkabala huo una kasoro. Maigizo mengi mafupi yaliyoonyeshwa nchini Tanzania hayakuwa na mswada, na mara nyingi aliyeamua yaonyeshwe hakuwa mtunzi. Makala haya yanadai kuwa swali la nani alichagua igizo lina uzito sawa na la nani alilitunga.

Mfano wa mapema ni kichekesho. Wataalamu wanakihusisha na shule za kikoloni, ambako wanafunzi waliigiza ushamba wa mtu aliyejaribu kuiga maisha ya kisasa akashindwa. Waigizaji walikubaliana juu ya kisa, kisha wakabuni mazungumzo papo kwa papo. Uteuzi ulikuwa wa shule, aliyechekwa hakuulizwa. Ebrahim Hussein aliutumia utanzu huo katika tamthilia yake fupi, Alikiona, na hivyo kuuingiza katika fasihi andishi.

Azimio la Arusha la 1967 lilibadili kigezo. Ngonjera, zilizoasisiwa na Mathias Mnyampala, pamoja na maigizo mafupi, zilitumika shuleni na katika hafla za umma kueleza Ujamaa na Kujitegemea. Dhamira ilitoka juu, na igizo lilipimwa kwa ulinganifu wake na sera. Katika miaka ya 1980 vikundi vya Dar es Salaam, kikiwemo Muungano, viliweka igizo katika onyesho moja na ngoma, sarakasi na taarabu. Hapo mtazamaji aliyelipa kiingilio alipata sauti: kicheko na ukimya wake viliwaonyesha waigizaji kipi kiendelee na kipi kiachwe.

Mradi wa Malya, katika eneo la Wasukuma, wa 1982–83 ulipindua mpangilio huo. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakufika na igizo lililokwisha kuandikwa. Utafiti na mjadala pamoja na wanakijiji vilitangulia. Matatizo ya vijana yakajitokeza. Ndipo maigizo na ngoma vikabuniwa, na baada ya onyesho mjadala ukaendelea. Jamii ilichagua suala kabla ya kuwapo kwa igizo. Hata hivyo, “jamii” si sauti moja. Mzee anayelalamikia vijana na kijana asiye na kazi hawaoni tatizo lile lile, na anayeongoza mjadala naye ana uwezo wa kuamua lipi lisikike. Uteuzi wa pamoja hauondoi mamlaka. Unayafanya yaweze kuhojiwa hadharani.

Mwaka 1982 huohuo, Mlama alichapisha Nguzo Mama, tamthilia ambayo imeendelea kusomwa na kuhakikiwa. Maigizo ya Malya hayakuacha kitabu cha aina hiyo, kwa hiyo mara nyingi yanatajwa kama kazi ya maendeleo, si fasihi. Mgawanyo huo hautokani na ubora wa kazi zenyewe, bali na kipimo cha mhakiki anayetafuta mswada. Maadamu kipimo hicho kinabaki peke yake, historia ya tamthilia ya Kiswahili itaendelea kuwahesabu waliotunga na kuwasahau waliochagua.